Kiwewe na Kimya: Historia ya Uponyaji wa Nafsi katika Temeke

Utangulizi

Jumatano tarehe 29 Aprili 2009, kabla ya saa sita mchana, ghala la silaha la Jeshi la Wananchi wa Tanzania katika kambi ya Mbagala Kizuiani, wilayani Temeke, lililipuka. Mabomu yaliruka na kuangukia makazi ya watu. Wakazi kwa maelfu walikimbia pasipo kujua waendako, wazazi wakatengana na watoto wao, na baadhi ya waliokufa hawakuuawa na mabomu bali walizama majini walipokuwa wakikimbia. Zaidi ya watu ishirini walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba yaliharibika. Kabla ya miaka miwili kutimia, usiku wa tarehe 16 Februari 2011, ghala jingine la jeshi lililipuka huko Gongo la Mboto, wilayani Ilala. Maelfu ya watu waliokimbia usiku ule walipewa hifadhi katika Uwanja wa Uhuru, ambao upo Temeke.

Mambo haya yameandikwa katika kumbukumbu za taifa kwa njia ya hesabu: idadi ya waliokufa, idadi ya nyumba, kiasi cha fidia. Hesabu hizo ni za lazima, wala hatuna nia ya kuzidharau. Hata hivyo yako madhara ambayo hayakuingizwa katika orodha ya mtathmini yeyote, nayo ni usingizi uliopotea, mtoto anayejificha chini ya kitanda radi inapopiga, mama asiyeweza tena kumwacha mwanawe aende shule peke yake. Waliokuwa watoto wa darasa la kwanza siku ile ya Mbagala leo ni watu wazima, na wengine wao wanaleta watoto wao wenyewe kwenye ubatizo. Je, Kanisa limewapokea kama watu wenye jeraha, au limewapokea kama watu wenye imani haba?

Makala hii inakusudia kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Tutaangalia jinsi nafsi zilizojeruhiwa zilivyohudumiwa Temeke na katika pwani inayoizunguka, tangu enzi ya kilinge cha mganga hadi siku hizi za ushauri nasaha na mazoezi ya utulivu. Ni imani yetu kwamba mchungaji asiyeijua historia hii atarudia makosa ambayo wengine wamekwisha kuyalipia gharama.

Lugha ya hofu

Yafaa tuanze na maneno. Madaktari wa Marekani waliingiza ugonjwa wa msongo baada ya tukio la kutisha katika orodha yao rasmi ya magonjwa ya akili mwaka 1980 tu. Lakini Mswahili hakungoja mwaka huo ili aijue hali yenyewe. Lugha yetu ina kiwewe, yaani ile hali ya mtu kupotewa na akili kwa hofu ya ghafla. Ina wasiwasi, neno lililotoka katika Kiarabu na ambalo asili yake ni mnong'ono unaosumbua moyoni. Tuna jinamizi, linalomkaba mtu usingizini. Tuna pia usemi wa kawaida wa watu wa Dar es Salaam, "mawazo mengi", ambao mgonjwa huutumia pale ambapo daktari angeandika sonona.

Zaidi ya hayo, wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii imeeleza kwa maneno machache jambo ambalo vitabu vya tiba hulieleza kwa kurasa nyingi: mwili wa mtu aliyepatwa na hatari huendelea kuitazamia hatari hiyo hata baada ya kupita. Haumwulizi mwenyewe kama anaamini au haamini. Mlango ukibamizwa, moyo hupiga. Gari likipasua gurudumu, miguu hutaka kukimbia. Wahenga hawakumlaumu aliyeshtuka. Walitambua kwamba amekwisha kuumwa.

Kilinge na misheni

Kabla ya jiji kutanuka, nchi inayoitwa leo Temeke ilikuwa sehemu ya Uzaramo. Miongoni mwa Wazaramo, mtu aliyeteswa na hofu isiyo na sababu ya wazi, aliyekosa usingizi au kuanguka, alipelekwa kwa mganga. Tunazifahamu desturi hizi vizuri kwa sababu zilichunguzwa na watu wa Kanisa letu. Marja-Liisa Swantz, Mlutheri kutoka Finland, aliishi na Wazaramo katika miaka ya 1960 na kuchapisha mwaka 1970 uchunguzi mkubwa wa matambiko yao. Mumewe, Lloyd Swantz, mchungaji kutoka Marekani, aliwachunguza waganga wa Kizaramo ndani ya jiji la Dar es Salaam. Wote wawili walimtazama mganga kama mtu anayefanya kazi ambayo jamii inaihitaji, wala hawakuanza kwa kumhukumu.

Tunajifunza nini kutokana na uchunguzi wa namna hii? Tunajifunza kwamba katika ngoma za uganga, kama madogoli, mgonjwa hakuachwa peke yake. Ndugu walikusanyika. Taabu yake ilipewa jina. Mwili wake ulishirikishwa kwa mdundo, kwa pumzi na kwa kucheza. Na baada ya kupona alibaki katika jumuiya ya waliopita njia ile ile. Mtaalamu John Janzen, katika kitabu chake juu ya ngoma kilichotoka mwaka 1992, alionyesha kuwa mfumo huo umeenea kutoka Dar es Salaam hadi kusini mwa Afrika. Hatusemi kwamba mafundisho ya kilinge juu ya pepo yapatana na Injili. Tunasema kwamba kilinge kilijua jambo moja ambalo sisi tumelisahau mara kwa mara, yaani kwamba mtu mwenye hofu haponi akiwa peke yake.

Wamisionari wa kwanza wa Kilutheri walifika Dar es Salaam mwaka 1887, wakiongozwa na Johann Jakob Greiner, na mwaka 1892 kazi ikaenea hadi Kisarawe. Miongoni mwa watu wa kwanza waliowekwa chini ya uangalizi wao walikuwamo watumwa waliokombolewa, wengi wao wakiwa watoto. Tafakari hali ya mtoto huyo: ametekwa, ametembezwa kwa miguu kutoka bara, ameona wenzake wakifa njiani, ametiwa chomboni. Misheni ilimpa chakula, nguo, shule na jina la ubatizo. Hayo yalikuwa mambo mema. Lakini katika utaratibu wa misheni wa siku zile haikuwako nafasi iliyotengwa kwa ajili ya mtoto huyo kuisimulia safari yake, kwa maana hakuna aliyedhani kwamba kusimulia ni sehemu ya kupona. Hivyo basi, ushirika wa Kilutheri wa pwani yetu, tangu chimbuko lake, umekuwa na watu wenye kiwewe ndani yake.

Lutindi na Mirembe

Habari ya watumwa waliokombolewa yatupeleka moja kwa moja katika milima ya Usambara. Mwaka 1896 chama kimoja cha Kiinjili cha Ujerumani kilifungua makao ya watoto waliokombolewa utumwani huko Lutindi, katika eneo la Korogwe. Baada ya miaka michache, biashara ya utumwa ilipokuwa imepungua, nyumba hiyo ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, ikihudumiwa na mashemasi waliotoka Bethel, karibu na Bielefeld. Kwa namna hiyo nyumba iliyojengwa kwa ajili ya jeraha la utumwa ikageuka kuwa hospitali ya akili ya kwanza katika nchi hii. Hadi leo Lutindi ni hospitali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Tiba yake, pamoja na dawa, imejengwa juu ya kazi za mikono, shamba la chai, ibada na maisha ya pamoja.

Serikali ya kikoloni ya Waingereza nayo ilifungua hospitali ya Mirembe huko Dodoma mwaka 1927. Mgonjwa wa kutoka Temeke au Rufiji aliyepelekwa Dodoma alikuwa kama amehamishwa nchi. Alitengwa na ndugu zake, na mara nyingi sheria ilimtazama kama hatari ya kuzuiwa kuliko kama mtu wa kutibiwa. Isitoshe, hospitali za namna hiyo zilikuwa za wale ambao ugonjwa wao uliwasumbua watu wengine. Mwenye hofu ya kimya, anayefanya kazi yake mchana na kulia usiku, hakuhesabiwa popote.

Hapa tuwakumbuke wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1915 daktari Charles Myers aliandika katika jarida la tiba la Uingereza juu ya askari waliopoteza kumbukumbu na uwezo wa kuona, kunusa na kuonja baada ya mizinga kulipuka karibu nao. Ulaya ikaanza kujadili maumivu ya askari wake. Wakati huo huo, katika Afrika Mashariki, mamia ya maelfu ya wanaume walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, na makumi ya maelfu yao wakafa kwa njaa, magonjwa na uchovu. Jina la Kariakoo katika jiji letu limetokana na kikosi hicho cha wapagazi. Waliorudi hai hawakuulizwa na daktari yeyote kama wanalala. Jiji likalihifadhi jina la kikosi, na habari za mioyo ya waliokuwamo zikapotea.

Baada ya uhuru mambo yalianza kubadilika. Muhimbili ilipata idara ya magonjwa ya akili, na katika miaka ya 1980 yakafanyika majaribio ya kuzifikisha huduma za akili hadi kwenye vituo vya afya na zahanati katika mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro. Mwaka 2008 ikatungwa Sheria ya Afya ya Akili iliyochukua mahali pa sheria ya zamani. Mwelekeo ulikuwa mwema, yaani kumrudisha mgonjwa karibu na watu wake. Lakini wataalamu walikuwa wachache mno, na jiji lilikuwa likikua haraka. Kwa sensa ya mwaka 2022, Temeke peke yake, baada ya Kigamboni kuondolewa, ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.3.

Watu walikwenda wapi, basi? Utafiti wa Ngoma, Prince na Mann uliochapishwa mwaka 2003 ulitoa jibu kwa Dar es Salaam. Walipolinganisha watu waliohudhuria kliniki za kawaida na wale waliokwenda kwa waganga wa jadi, walikuta kwamba wenye matatizo ya akili ya kawaida, yaani hofu na sonona, walikuwa asilimia 24 katika kliniki na asilimia 48 kwa waganga. Mganga, kwa maneno mengine, alikuwa na wagonjwa hawa maradufu. Wengine walikwenda kwenye mikutano ya maombi. Kati ya mwaka 1972 na 1975 Edmund John, Mwanglikana na ndugu yake Askofu Mkuu John Sepeku, aliongoza huduma ya uponyaji iliyowavuta watu wa madhehebu mbalimbali jijini na kwingineko. Tukilitazama jambo hili bila wivu, tunaona kwamba watu walikuwa wakitafuta mahali ambapo taabu yao ingechukuliwa kuwa ya kweli.

Miaka ya mabomu

Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zilishambuliwa kwa mabomu, zikipishana kwa dakika chache. Nairobi walikufa watu 213 na maelfu wakajeruhiwa. Dar es Salaam, katika wilaya ya Kinondoni, walikufa 11. Kwa mara ya kwanza katika ukanda wetu, swali la nafsi za waliosalimika liliulizwa hadharani na kwa upana. Nchini Kenya washauri nasaha walikusanywa na kufunzwa, na uchunguzi ukafanyika miongoni mwa watu zaidi ya 2,800 katika miezi iliyofuata mlipuko.

Uchunguzi huo, ulioongozwa na daktari Frank Njenga na kuchapishwa mwaka 2004, wastahili kusomwa na kila mchungaji. Takriban asilimia 35 ya waliohojiwa walikuwa na dalili za ugonjwa wa kiwewe. Lakini lililo kubwa zaidi kwetu ni orodha ya mambo yaliyoambatana na ugonjwa huo. Yalikuwamo yaliyotazamiwa, kama vile kuuona mlipuko, kujeruhiwa na kufiwa. Yalikuwamo pia mawili ambayo hayakuwa ya siku ya bomu bali ya siku zilizofuata: kuingia katika shida ya fedha baada ya tukio, na kutokuwa na rafiki wa kumfungulia moyo. Hatuwezi kuurudisha nyuma mlipuko. Rafiki wa kusikiliza, je, nalo ni jambo lisilowezekana?

Tukiyaweka matokeo hayo mkononi na kurudi Mbagala ya mwaka 2009, tunaona mambo kwa uwazi zaidi. Madai ya fidia ya wakazi yaliendelea kwa miaka kadhaa, na wengine walilalamika hadharani kwamba walicholipwa hakikulingana na walichopoteza. Watu wengi huona kwamba fidia ni jambo la serikali na uponyaji ni jambo la hospitali au Kanisa. Historia yatufundisha kwamba mambo haya hayatengani. Mtu ambaye nyumba yake ina ufa hadi leo hulala ndani ya kumbukumbu yake kila usiku. Kumfundisha mtu huyo kutulia pasipo kusimama naye katika haki yake ni kumwambia azoee.

Tena, milipuko ya mwaka 2011 ilikuja wakati jeraha la kwanza halijafunga. Aliyesikia ngurumo ya Gongo la Mboto akiwa Mbagala hakusikia habari ya jirani; alisikia yale ya kwake yakirudi.

Tiba ya mazungumzo na ushahidi wake

Katika miongo hii mitatu wataalamu wamejifunza mengi, na baadhi ya waliyojifunza yamepatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Zamani ilidhaniwa kwamba baada ya msiba mkubwa yafaa kila aliyesalimika akalishwe mara moja na kutakiwa asimulie yote aliyoyaona. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii ugonjwa wa kiwewe, na huenda kikamdhuru mtu. Ndiyo maana mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake mwaka 2011 unafundisha mambo matatu ya kiasi: kuangalia usalama na mahitaji, kusikiliza pasipo kulazimisha, na kumwunganisha mtu na ndugu zake na huduma zilizopo.

Kwa wale ambao kiwewe chao hakikuondoka kwa miezi, tiba ya mazungumzo iliyopangwa ina nguvu. Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, Frank Neuner na wenzake waliwafunza wakimbizi wenyewe, watu wasio na shahada ya tiba, kuwahudumia Wanyarwanda na Wasomali waliopita katika vita. Njia mojawapo ilikuwa kumsaidia mtu kusimulia maisha yake yote kwa mpangilio, mema na mabaya, hadi tukio la kutisha likapata mahali pake katika historia yake badala ya kuzunguka peke yake usiku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: takriban watu 70 kwa 100 waliopata tiba hiyo hawakuwa tena na ugonjwa huo, dhidi ya 37 kwa 100 wa wale waliofuatiliwa tu. Njia nyingine ya ushauri iliyotumika pamoja nayo ilitoa matokeo yaliyokaribiana. Kadhalika, Moshi na Bungoma, watoto 640 waliofiwa na wazazi walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Washauri wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa vema walikutana na watoto na walezi wao kwa vikundi, na katika maeneo matatu kati ya manne watoto hao walipata nafuu kuliko wale waliopata huduma ya kawaida.

Jambo la kutiliwa mkazo ni hili: waliofanya kazi hiyo hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa mahali pale, wenye mafunzo, wenye msimamizi, wenye subira. Mwinjilisti wa mtaa na mzee wa Kanisa hawako mbali na sifa hizo. Wanachokosa ni mafunzo na usimamizi, navyo vyaweza kupatikana.

Pumzi na utulivu

Pamoja na mazungumzo, wataalamu wa leo hutumia mazoezi ya utulivu, ambayo kwayo mtu hujifunza kuielekeza nia yake katika pumzi, katika miguu inayogusa sakafu, katika sauti zilizopo sasa, pasipo kufukuzana na mawazo yanayopita. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn aliyaingiza mazoezi haya katika hospitali moja ya Massachusetts kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu. Mapitio ya tafiti 47 yaliyochapishwa mwaka 2014 yalikuta kwamba hupunguza hofu na sonona kwa kiasi cha wastani. Si dawa ya kila kitu, wala si kitu cha kudharauliwa.

Baadhi ya watumishi hutia shaka, wakisema kwamba mazoezi haya chimbuko lake ni dini ya Kibudha. Shaka hiyo ni ya haki, na Kabat-Zinn mwenyewe hakuficha alikojifunza. Lakini yatupasa kutofautisha kati ya imani na kazi ya mwili. Kupumua polepole hakumfanyi mtu kuwa Mbudha, kama vile kufunga hakumfanyi Mkristo kuwa Mwislamu. Aidha, Kanisa la kale lilijua sala fupi iendayo na pumzi, na mtunga zaburi alijua kuituliza nafsi yake kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Mkristo aweza kuzingatia pumzi yake akimkumbuka aliyempulizia.

Tahadhari moja yahitajika. Mtu mwenye kiwewe kikali akifumba macho na kukaa kimya huenda akakutana na lile lile analolikimbia. Basi asiamriwe. Aanze macho yakiwa wazi, kwa muda mfupi, akitaja vitu avionavyo mbele yake, na mtu anayemwamini akiwa karibu.

Fundisho kwa wachungaji

Martin Luther mwenyewe aliijua hofu. Mwaka 1527, tauni ilipokuwa Wittenberg, alipita katika majaribu mazito ya mwili na roho. Tunazo barua zake kwa watu waliolemewa na huzuni. Mwaka 1532 alimwandikia Jonas von Stockhausen, aliyekuwa amechoka kuishi, na siku hiyo hiyo akamwandikia mkewe, akimhimiza asimwache mumewe peke yake. Mwaka 1534 alimwandikia mpiga kinanda Matthias Weller akimshauri atumie muziki dhidi ya huzuni. Luther aliamini kwamba Shetani huitumia huzuni. Hata hivyo ushauri wake ulikuwa wa watu, meza, wimbo na mazungumzo. Kadhalika Eliya alipoomba kufa chini ya mretemu, malaika hakuanza kwa kumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena.

Kutokana na historia hii tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, mchungaji asiharakishe kukiita kiwewe pepo. Kukemea kunaposhindwa, mgonjwa hubaki na mizigo miwili, hofu yake ya kwanza na aibu ya kutoponywa. Na mtumishi yeyote asimwamuru mtu kuacha dawa za hospitali kama ushuhuda wa imani.

Pili, siri ilindwe. Katika mitaa yetu nyumba zimebanana, na neno lililosemwa ofisini kwa mchungaji laweza kufika kisimani kabla ya jioni. Taabu ya mtu haiwi mfano wa mahubiri, hata jina lake likifichwa.

Tatu, ijulikane mipaka. Mtu anayetaka kujiua, anayesikia sauti, au asiyeweza tena kula na kulala, apelekwe hospitali, naye mchungaji aende pamoja naye. Kumpeleka si kumwondoa. Hospitali ya Rufaa ya Temeke na Muhimbili ziko karibu, na kinachowazuia wengi si umbali bali aibu.

Nne, huduma hii itolewe kwa majirani wote. Temeke ni nyumbani kwa Waislamu wengi, na mabomu hayakuuliza dini. Kikao cha kusikilizana kikigeuzwa kuwa mtego wa kumvuta jirani aje ubatizwe, tutakuwa tumemjeruhi mara ya pili. Imamu wa mtaa na mchungaji wa mtaa wanaweza kufunzwa katika darasa moja.

Hitimisho

Tumeona kwamba pwani hii haikukosa nyumba za uponyaji. Kilinge kilimpa mgonjwa watu, lakini kilimfunga kwa hofu nyingine. Misheni ilimpa mtoto aliyekombolewa makao, lakini haikumwuliza alipotoka. Hospitali ilimpa dawa, lakini kwa muda mrefu ilimtenga na ndugu zake. Mikutano ya maombi ilimpa tumaini, lakini mara nyingi haikuwako siku ya pili, hofu iliporudi. Ushirika wa mtaa una kitu ambacho nyumba hizo zilikosa kimoja kimoja: watu wanaofahamiana, wanaokutana kila juma, na ambao hawahami baada ya msiba kupita.

Kwa hiyo ombi letu kwa vyuo vyetu ni dogo na la wazi. Somo la huduma kwa wenye kiwewe lisiwe mada ya semina ya siku moja, bali liwe sehemu ya malezi ya kila mtumishi, likiwa na mazoezi hospitalini chini ya msimamizi. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, wasiseme neno, kwa maana waliona ya kuwa mateso yake ni makubwa. Walikosea walipofungua vinywa. Wanafunzi wetu tunawafundisha kwa miaka kadhaa jinsi ya kufungua kinywa. Tuwafundishe pia zile siku saba.